Uzi maalumu wa sopa azteca: supu ya kuku na tortilla, mahindi ya chokaa na pilipili kavu

#1 · Mleta uzi (Houston)

Wanajukwaa, habari za Jumapili.

Mapishi mengi ya supu ya tortilla, ile chapati nyembamba ya mahindi ya Mexico, ninayoyaona mitandaoni yanaanza kwa kufungua makopo: kopo la nyanya, kopo la maharage meusi, kopo la mahindi matamu. Kisha kidari cha kuku, na chipsi za dukani juu. Inalika, sikatai. Lakini mimi nimefanya kazi miaka tisa kwenye jiko moja hapa Houston na mama mmoja wa Puebla, Mexico, na supu aliyonifundisha yeye ni nyingine kabisa. Leo naileta yote kama nilivyoipokea, maana vitu vyake vikubwa tumevijua tangu utoto: kuku, nyanya, mahindi, pilipili, ndimu na parachichi.

Kwao Mexico inaitwa sopa de tortilla, wengine husema sopa azteca. Ni chakula cha nyumba isiyotupa kitu. Tortilla kwao ndiyo ugali. Zinapikwa nyingi, zinabaki, kesho yake zimekauka hazikunjiki tena. Hizo zilizokauka ndizo zinazokatwa vipande, zikakaangwa na kutiwa kwenye mchuzi wa kuku. Kwa hiyo tortilla siyo pambo la juu. Ndiyo supu yenyewe.

Kwa watu sita nachukua kuku mzima wa kilo moja na nusu, wa kienyeji kama yupo, au kuku wa mayai aliyemaliza kutaga, huyo ana mchuzi mzito sana. Namkata, namtia maji lita mbili na nusu, nusu kitunguu, punje tatu za kitunguu saumu, chumvi na kishada cha giligilani. Ukianza kuchemka engua povu, punguza moto uwe wa kutokota tu. Broila dakika 40 zinatosha. Kienyeji mpe saa moja na nusu hadi mbili. Akiiva mtoe, nyama ichambuliwe kwa vidole, mchuzi uchujwe. Mafuta yanayoelea usiyatoe yote.

Sasa pilipili. Inayotakiwa ni pasilla, pilipili ndefu nyeusi iliyokunjamana kama zabibu kavu, na jina lake linatokana na neno la Kihispania la zabibu kavu. Ikiwa mbichi inaitwa chilaca. Haichomi sana, kazi yake ni kutia rangi na ule utamu mzito wa chini. Chukua tatu, pasua, toa mbegu. Weka kaango kavu jikoni, likipata moto zibandike pilipili na uzikandamize kwa mwiko, sekunde kumi hadi kumi na tano kila upande, hadi harufu ipande. Basi, toa. Mara ya kwanza nilipoachiwa kazi hii peke yangu nilikwenda kupokea mzigo mlangoni, niliporudi zilikuwa zimeungua. Nikaona ni kidogo tu, nikazisaga hivyo hivyo. Sufuria nzima ya lita ishirini ikawa chungu, ikamwagwa. Pilipili ikigeuka nyeusi ya mkaa itupe, chukua nyingine. Hakuna sukari wala ndimu inayoweza kuondoa uchungu ule.

Nyanya ni kinyume chake. Hizo zichome hasa. Chukua nusu kilo na zaidi kidogo, zile zilizoiva zikawa laini, weka kwenye chuma cha chapati bila mafuta pamoja na nusu kitunguu na punje mbili za saumu zenye maganda yake. Geuza mpaka zipate mabaka meusi na maji yaanze kutoka. Pilipili mbili kati ya zile tatu zilowekwe kwenye maji ya moto dakika kumi na tano. Menya saumu, saga vyote na blenda, chuja.

Hatua inayofuata ndiyo watu wengi wanairuka, nami naomba msiiruke. Weka sufuria nzito jikoni na vijiko viwili vya mafuta. Subiri yapate moto kiasi kwamba ukidondosha tone la rojo linalia. Mimina rojo lote kwa mara moja. Litachachamaa na kuruka, kwa hiyo kaa mbali kidogo, shika mwiko mrefu, koroga. Baada ya dakika mbili kelele inashuka. Baada ya tano rangi inaacha wekundu wa nyanya mbichi, inakuwa kama tofali. Dakika ya nane hadi kumi, mwiko ukipita chini ya sufuria njia inabaki wazi kidogo kabla rojo halijarudi, na mafuta yanajitenga pembeni. Hapo imekolea. Aliyezoea kukaangia nyanya mchuzi wa samaki anajua ninachosema. Ukiiacha mbichi, supu itakuwa na ule ukali wa nyanya ambao haukauki hata uichemshe mpaka jioni.

Mimina mchuzi wa kuku, kama lita moja na robo tatu. Mama wa Puebla hutia kishada cha epazote, jani lenye harufu kali inayokaribia ya mafuta ya taa, lakini likiiva linatulia. Ukilikosa tia giligilani. Acha itokote dakika ishirini, onja chumvi.

Tortilla kumi za mahindi kata vipande vya upana wa kidole. Ziache wazi mezani zikauke, kisha kaanga kwenye mafuta mengi ya moto, kidogo kidogo, mpaka ziwe rangi ya dhahabu na povu la mafuta lipungue. Ile pilipili ya tatu ikate pete kwa mkasi, izamishe kwenye mafuta hayo hayo sekunde chache, itoe.

Kupakua: tortilla chini ya bakuli, nyama juu yake, mchuzi wa moto sana, halafu jibini nyeupe, parachichi, kijiko cha krimu, pete za pilipili, ndimu pembeni. Iliwe hapo hapo, wakati vipande vya juu bado vinavunjika mdomoni na vya chini vimeanza kulainika.

Karibuni kwa maswali.

#2 · Mdau (Nairobi)

Asante sana dada, hii nimeweka kando. Lakini mimi nina shida na hizo tortilla zenyewe. Huku zinauzwa bei ya juu, na nyingi ni za ngano. Nilijaribu kutengeneza na unga wa ugali, ule mweupe wa kawaida. Nikakanda na maji ya moto, nikasukuma, zikapasuka kila upande. Zile chache zilifika kwa pan zilikuwa kama biskuti. Kwa supu zikageuka uji. Nilikosea wapi?

#3 · Mleta uzi

Dada, hukukosea mkono. Ni unga. Unga wa ugali hauwezi kutoa tortilla hata ukandwe na nani, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii, kwa hiyo univumilie nikirefusha.

Mahindi asili yake ni kusini mwa Mexico, miaka kama 9,000 iliyopita, kutokana na nyasi ya porini. Watu wa huko waligundua zamani kwamba mahindi makavu yakichemshwa na majivu au chokaa yanabadilika. Mahindi ya hivyo yanaitwa nixtamal, neno la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Mexico, ambalo ndani yake mna majivu na tamale, donge la mahindi linalopikwa kwa mvuke. Ganda la punje linachubuka, punje inavimba, na ukisaga unapata donge linaloshikana lenyewe. Chokaa ndiyo inayofanya unga wa mahindi ushikane, maana mahindi hayana ule mnato wa ngano.

Sisi mahindi yalitufikia kwa njia ya bahari, enzi za Wareno, na hata jina tuliloyapa linaelekeza Bara Hindi. Mbegu ilivuka, lakini ujuzi wa chokaa ulibaki kwao. Sisi tukatwanga, tukakoboa, tukasonga ugali, na ugali wetu ni mzuri. Ila unga ule ni wa kusonga, haukunjiki.

Na hili lina upande wa afya. Ndani ya mahindi kuna vitamini iitwayo niasini, lakini imefungwa, mwili hauipati vizuri. Chokaa inaifungua. Ulaya walipopokea mahindi bila chokaa, maskini waliokula mahindi tu walipata ugonjwa wa pellagra: ngozi inachubuka, tumbo linaendesha, akili inachanganyikiwa. Daktari Gaspar Casal aliueleza huko Asturias, Hispania, mwaka 1735. Huku kusini mwa Marekani uliwaangamiza watu mwanzoni mwa karne ya 20, mpaka Joseph Goldberger akaonyesha kwamba chanzo ni chakula, si maambukizi. Na jirani zetu: mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua kwa maelfu baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao, wakabaki na mahindi. Anayekula ugali na maharage, dagaa, karanga au maziwa hana haja ya kuogopa. Nataka tu ijulikane kwamba chokaa ile si mapambo.

Namna ya kufanya. Kilo moja ya mahindi makavu meupe, yale yale yetu, na yasiwe ya mbegu yaliyotiwa dawa. Maji lita tatu. Chokaa ya kula gramu 10, ipime kwenye mizani. Sufuria iwe ya chuma cha pua au ya enameli. Sufuria zetu za alumini hapana, chokaa inaila alumini. Koroga chokaa kwenye maji, tia mahindi, pandisha moto taratibu, yatokote dakika 30 hadi 45. Chukua punje moja, isugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ganda likiteleza likatoka kama ngozi ya njugu iliyolowekwa, na ukiipasua punje katikati bado ina kiini kigumu, zima moto. Usiyaivishe kama makande. Funika, yalale usiku kucha.

Asubuhi maji yatakuwa ya manjano na harufu utaijua mara moja, ni harufu ya tortilla. Yamwage, osha mahindi mara mbili, sugua maganda yatoke lakini usihangaike nayo mpaka la mwisho, yale yaliyobaki yanasaidia kushika. Saga yakiwa mabichi hivyo. Mashine ya mtaani ya kusaga nafaka haipokei kitu kibichi, kwa hiyo tumia ya kusagia nyama, pitisha mara tatu, kisha malizia kwenye kinu. Wao wana jiwe liitwalo metate, na mtu yeyote aliyewahi kumwona bibi akisaga ulezi kwenye jiwe ameshaliona.

Kanda na maji kidogo na chumvi hadi donge lisishike mkononi na lisipasuke ukilibonyeza. Lipumzike nusu saa chini ya kitambaa kibichi. Fanya madonge ya ukubwa wa ndimu, weka kati ya karatasi mbili za nailoni, kandamiza kwa sahani nzito au kibao. Usisukume kwa mti wa chapati. Chuma kiwe cha moto sana. Upande wa kwanza sekunde 20 hadi 30, geuza, upande wa pili dakika nzima, geuza tena, gusa katikati kwa vidole. Ikivimba kama chapati ya maji inayopumua, umefaulu. Zifungie kwenye kitambaa, mvuke wao wenyewe unazilainisha.

#4 · Mdau (Mombasa)

Shukran dadangu. Swali moja tu, hiyo chokaa ya kula siyo ile ya tambuu? Maana hapa Mji wa Kale iko kila kona.

#5 · Mleta uzi

Ndiyo hiyo hiyo kaka yangu, na nyinyi wa pwani mna bahati. Nunua ile nyeupe tupu, isiyo na rangi wala manukato. Ikiwa imeshalowekwa kama marhamu, mizani itahesabu na maji yake, kwa hiyo ongeza kidogo, kama gramu 15 hadi 20. Chokaa ya kupakia ukuta msiiguse, haikutengenezwa kwa ajili ya kuliwa. Wala chokaa hai, ile inayochemka ukiitia maji, inaunguza mikono na macho.

#6 · Mdau (Mwanza)

Mkuu heshima kwako. Huku chokaa ya tambuu ni shida, lakini magadi yapo tele, tunapikia maharage na kisamvu. Si yanafanya kazi hiyo hiyo?

#7 · Mleta uzi

Nusu ya kazi, mkuu. Magadi nayo yatachubua ganda, maana yanachubua kila kitu. Lakini hayana kalsiamu, na hiyo kalsiamu ya chokaa ndiyo inayolifunga donge. Nilijaribu nikiwa likizo nyumbani Lushoto. Mahindi yalilainika vizuri, ila donge lilinata mkononi na tortilla ikabaki na ladha ya sabuni. Kwa maharage endelea nayo. Ila pia usiyachemshe kwenye alumini muda mrefu.

Majivu safi ya kuni yanafaa zaidi ya magadi. Loweka majivu, yaache yatuame, chuja maji yake ya juu kwa kitambaa, chemshia mahindi. Donge linakuwa la kijivu kidogo, ladha nzuri.

Na kwa vile umetaja maharage: mahindi hayo hayo ya chokaa, badala ya kuyasaga, ukiyachemsha zaidi mpaka yapasuke kama ua na kutia nyama, unapata pozole. Jimbo la Jalisco wanaipika nyekundu kwa pilipili, jimbo la Guerrero wana ya kijani. Usiku wa Septemba 15, wakisherehekea uhuru wao, pozole iko kwenye meza nyingi sana. Juu yake wanaweka kabichi iliyokatwa nyembamba, figili na ndimu. Mtu wa Tanga akiiona atasema ni makande yamepata mchuzi, na mimi nilisema hivyo hivyo.

#8 · Mdau (Maskati)

Assalam aleikum. Mie ni wa Unguja, niko Maskati mwaka wa kumi na mbili. Nimeipenda hii supu, na vitu vyote vipo huku. Ninachouliza ni uhalali wake. Nikienda mkahawa wa Kimexico ninaposafiri niangalie nini?

#9 · Mleta uzi

Waaleikum salaam bibie. Swali la maana sana, na kuna watu wanakula bila kujua.

Supu yenyewe ukipika nyumbani haina neno: kuku wako, mafuta yako. Tortilla ya mahindi ni mahindi, chokaa na maji tu, haina mafuta. Ya ngano ndiyo ya kuulizia, maana mara nyingi hukandwa na mafuta ya nguruwe. Neno la kulijua ni manteca. Mexico ukisikia manteca bila maelezo mengine, hiyo ni ya nguruwe. Siagi wanaiita mantequilla, na majina yanafanana, usiyachanganye. Manteca imo kwenye maharage ya kupondwa, imo kwenye tamale. Na kwenye sopa azteca ya mkahawani huwa wanatupia chicharrón juu, ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikavimba. Kwa macho inafanana na vipande vya tortilla. Uliza kabla bakuli halijafika.

Jambo jingine litakufurahisha. Ile tacos al pastor, nyama inayozunguka kwenye chuma kilichosimama, ni mtoto wa shawarma. Ililetwa na wahamiaji wa kutoka Lebanoni na nchi za jirani yake walioingia Mexico, na pale Puebla mpaka leo kuna tacos árabes, taco za Kiarabu, kwenye mkate unaokaribia khubz, ule mkate bapa wa Kiarabu. Zamani ilikuwa ya kondoo, ikaja kuwa ya nguruwe, ikapata pilipili nyekundu. Lile rundo la nyama wanaliita trompo, yaani pia, ile ya kuchezea watoto. Wewe hapo Maskati chukua kuku, mpake guajillo, pilipili kavu nyekundu ya Mexico, iliyosagwa na siki, saumu na juisi ya nanasi, umchome hivyo, uweke kwenye tortilla ya mahindi na kotmiri. Utakuwa umeirudisha karibu na ilikotoka.

#10 · Mdau (Dallas)

Jambo yenu wote. Mimi ni wa Lubumbashi, niko Dallas. Mama, naheshimu kazi yako, lakini unawaonea watu wa maharage meusi na mahindi matamu. Huku Texas watoto wangu wamekua na supu ile, yenye bizari nyembamba, yenye jibini ya manjano. Nayo ina wenyewe. Hata sisi bukari, yaani ugali, tunapika ya mahindi na ya muhogo, na hakuna anayesema moja ni ya uongo.

#11 · Mleta uzi

Ndugu yangu, umesema kweli na nakubali nilianza kwa ukali. Chakula cha Texas kina historia yake na watu wake, wengi wao wenye asili ya Mexico walioishi hapa kabla mpaka haujahamia kusini kwao. Nachos zenyewe zilizaliwa mpakani, Piedras Negras, miaka ya 1940, na aliyezitengeneza alikuwa Ignacio Anaya. Nacho ni jina la kumkatia Ignacio. Na hapo kwenu Dallas supu ya tortilla ilipata sifa kubwa mikononi mwa mpishi Dean Fearing, kwenye mkahawa wa Mansion on Turtle Creek.

Ninachokishikilia ni kimoja. Ukitia maharage, mahindi matamu, bizari na jibini inayovutika, tumbo linashiba kwa hayo na ile ladha ya tortilla kwenye mchuzi haisikiki tena. Wapishi wazuri wa Texas huwa wanazisaga baadhi ya tortilla ndani ya supu yenyewe, inakuwa nzito na harufu ya mahindi ya chokaa inajaa. Fanya hivyo kwenye supu ya watoto wako: tortilla mbili zilizokaangwa, zitie kwenye rojo wakati unalikaanga, zilainike, kisha ndiyo usage. Maharage yabaki yao. Na kaanga bizari kwenye mafuta kwanza, usiinyunyize mwishoni.

#12 · Mdau (Arusha)

Dada nakupongeza. Pasilla huku sijawahi kuiona kwa macho. Nitumie nini? Na chapati zilizobaki je, siwezi kuzikaanga badala ya tortilla?

#13 · Mleta uzi

Chapati hapana mpendwa. Ngano ikikutana na mchuzi wa moto inavimba na kuteleza, baada ya dakika mbili una bakuli la tambi zilizolala. Kaskazini mwa Mexico, Sonora, tortilla ya ngano ndiyo fahari yao, lakini wanakunjia nyama.

Pilipili: kwenye maduka ya viungo ya Wahindi tafuta pilipili kavu za Kashmiri, zile zilizokunjamana. Zinatoa wekundu mzuri na hazichomi sana. Chukua sita, zipitishe kwenye kaango kavu kwa hadhari ile ile. Kwa ule utamu mweusi wa pasilla, natia plamu kavu moja kwenye blenda. Siyo pasilla, lakini mama wa Puebla aliionja akaomba bakuli la pili. Pilipili kichaa usiitie kwenye rojo, itafunika kila kitu. Iweke mezani anayetaka ajipondee.

Jibini: chemsha lita moja ya maziwa, tia vijiko vitatu vya ndimu, yakikatika chuja kwa kitambaa na uyakandamize saa moja. Badala ya krimu tumia mtindi mzito uliochujwa, na chumvi kidogo.

Ila kama unataka supu ya kundi hili ambayo huku nyumbani hukosi kitu, nenda Yucatán, kusini mashariki mwa Mexico. Sopa de lima. Mchuzi wa kuku au wa bata mzinga, nyanya, kitunguu, ndimu, na habanero. Habanero na pilipili mbuzi ni jamii moja, harufu ile ile ya matunda. Weka pilipili mbuzi nzima kwenye mchuzi bila kuipasua, itoe kabla haijapasuka: unapata harufu bila moto. Ndimu yao, lima agria, ina harufu tofauti na ya kwetu. Mimi nakamua ndimu za kawaida na kutia vipande viwili vyembamba vya ganda la balungi dakika tano za mwisho. Nyama ya kuku ichomwe kidogo kabla ya kuchambuliwa. Halafu tortilla za kukaanga juu, kama kawaida.

Ipo nyingine, caldo tlalpeño, jina lake ni la Tlalpan, kusini mwa jiji la Mexico. Humo mna dengu kubwa, zile kabuli chana, na chipotle, ambayo ni jalapeño iliyokaushwa kwa moshi. Hiyo siku ya mvua hapo Arusha itakufaa sana.

#14 · Mdau (Nairobi)

Dada, nimerudi. Nilitoa chokaa Mombasa kwa binamu yangu, gramu kumi kwa kilo, sufuria ya stainless. Jana asubuhi hiyo harufu ilijaa nyumba, mama mkwe akauliza ni nini napika. Tano za kwanza zilipasuka pembeni. Nikaongeza maji kwa donge, ya sita ikavimba kwa chuma! Jioni nikapika supu, kuku wa kienyeji, Kashmiri na plamu kama ulivyosema, dania kwa wingi. Watoto walimaliza. Sasa nimebaki na tortilla kama kumi na tano, na rojo kikombe kimoja. Nifanye nini nazo?

#15 · Mleta uzi

Nimefurahi mno dada, na msalimie mama mkwe. Kupasuka pembeni ni ukavu wa donge, umejirekebisha sawasawa.

Hizo tortilla kata pembetatu, zianike kwenye ungo leo usiku. Kesho asubuhi zikaange ziwe ngumu. Rojo lako lipashe kwenye kaango pana na nusu kikombe cha mchuzi uliobaki, likianza kutokota tupia tortilla zote, zigeuze mara mbili tatu zipate rojo kila upande, na uepue kabla hazijalegea. Juu weka yai la kukaanga, kitunguu kibichi kilichokatwa pete, ile jibini na mtindi. Wanaita chilaquiles, ni kifungua kinywa. Chai ya maziwa pembeni, na uwaite watu mezani kabla hujatia tortilla kwenye rojo, maana zikishaingia hazisubiri mtu.